Usiku wa Mashairi Sikonge: Namna ya Kuuandaa Hadi Ukasikika

Karibu kila kata ya Sikonge ina mtu anayetunga. Kuna mwalimu mstaafu mwenye madaftari matatu ya tarbia chini ya kitanda. Kuna karani wa chama cha msingi cha tumbaku anayeandika beti nyuma ya risiti, mama wa kwaya ambaye nyimbo zake huimbwa kanisani bila jina lake kutajwa, na kijana wa kidato cha tatu aliyeanza kutunga baada ya kufundishwa vina na mizani darasani. Wote hao wanaishi ndani ya wilaya moja, takribani kilomita 70 kusini mwa mji wa Tabora, na wengi wao hawajawahi kusikiana.

Mwongozo huu ni kwa ajili yako wewe unayetaka kuwakutanisha jioni moja, kila mtu aghani kazi yake mwenyewe mbele ya majirani. Huhitaji ukumbi wa jiji wala mfadhili. Unachohitaji ni subira ya wiki sita, watu watano wa kukusaidia, na msimamo kuhusu jambo moja: kila uamuzi, kuanzia tarehe hadi mahali pa kuweka jenereta, uupime kwa sikio la msikilizaji wa mstari wa mwisho. Akisikia yeye, usiku umefaulu.

KWANZA, KWA NINI USHUGHULIKE

Mashairi yetu yalitungwa yasikike. Mizani inahesabiwa kwa sikio, vina hujulikana kwa sikio, na kibwagizo hakina kazi kwenye karatasi, kwani kimewekwa hapo ili wengine wakipokee. Shairi lililobaki daftarini ni kama mzinga uliotundikwa nyuki wasiingie.

Na bara halikuwa jangwa la utunzi. Wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba mizigo kati ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji walikuwa wakiimba njiani, mmoja akianza na msafara ukiitika. Wasafiri waliopita Unyanyembe, yaani eneo la Tabora, katika karne ya 19 waliliandika jambo hilo. Kiswahili kilipanda kwa njia hiyohiyo, na utunzi ukaja nacho. Kaluta Amri Abedi, aliyeandika *Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri* (1954), kitabu ambacho watunzi wengi wamejifunzia kanuni, alizaliwa Ujiji mwaka 1924 na alisoma Tabora. Mathias Mnyampala (1917–1969), aliyeikuza ngonjera hadi ikaenea shuleni kote, alikuwa Mgogo. Mulokozi na Kahigi walipotoa diwani yao mwaka 1976 waliiita *Malenga wa Bara*. Kwa hiyo mtu akikuambia mashairi ni mambo ya pwani, mtajie hao, kisha mwalike aje asikilize.

Sababu ya tatu ni ya haraka zaidi. Wazee wanaojua kughani wanapungua, na vijana wanasoma mashairi kwa ajili ya mtihani: wanaweza kutaja ukwapi na utao bila kuwahi kusikia shairi likighaniwa na mtu aliyelitunga. Jioni moja inaweza kuwapa kitu ambacho ubao hauwezi kuwapa.

HATUA YA 1: CHAGUA SIKU

Usianze na tarehe unayoipenda. Anza na kazi za watu.

Kuanzia Novemba hadi Aprili mvua inanyesha na shamba la tumbaku halimwachii mtu nafasi: kuhamisha miche, kupalilia, kuchuma, kisha kukesha kwenye bani jani likikauka. Miezi hiyo hata mtunzi mwenyewe hatakuja. Kiangazi ndicho wakati wako. Lakini hata kiangazi uliza kwanza, kwa sababu warina asali huingia porini wakakaa huko kwa wiki kadhaa, na miongoni mwao wamo watunzi wazuri. Uliza pia siku za mnada na siku za soko la tumbaku.

Tarehe 7 Julai inafaa sana. Ni Sabasaba, siku ya mapumziko, na tangu UNESCO ilipoitangaza mwaka 2021 ni Siku ya Kiswahili Duniani. Shule na ofisi hutafuta la kufanya siku hiyo. Wewe utakuwa nalo. Ila kama wilaya ina sherehe yake, usishindane nayo. Sogeza yako hadi Jumamosi inayofuata, na kama kuna Wasabato wengi eneo lako, anza baada ya jua kuchwa.

Mambo matatu ya kuangalia kabla ya kuitangaza tarehe:

1. Mwezi angani. Chagua siku iliyo karibu na mwezi mpevu. Watu watarudi kwa miguu, na mbalamwezi ni taa isiyokatika.
2. Ibada. Kwa Sikonge mwezi Julai, jua huchwa karibu saa 1 kasoro robo usiku. Ukianza saa 11 jioni, weka mapumziko wakati wa Magharibi. Usipange kitu siku ya mfungo wala usiku wa mkesha wa kanisa.
3. Baridi. Julai usiku ni baridi kali kwa mtoto na kwa mzee. Sema kwenye tangazo: njoo na shuka.

HATUA YA 2: CHAGUA MAHALI

Utashawishika kuomba ukumbi mkubwa. Ukumbi wenye kuta tupu na bati bila dari hurudisha sauti, na vina vikigongana na mwangwi wake shairi hugeuka kelele. Darasa la watu 60 ni bora kuliko ukumbi wa watu 400 wenye watu 60.

Chini ya mwembe panafaa zaidi, na miembe tunayo mingi. Ukitaka kupima, nenda hapo saa ileile utakayoanzia, juma moja kabla. Msimamishe mtu mmoja aghani bila kipaza sauti, wewe tembea kurudi nyuma hadi usisikie silabi ya mwisho ya mshororo. Piga alama chini. Hapo ndipo mwisho wa mikeka. Watu wakizidi mstari huo, ndipo utafute spika.

Onyo: angalia jirani. Banda la kuonyesha mpira, mashine ya kusaga na baa vimeua shughuli nyingi za namna hii kuliko mvua. Nenda ukazungumze nao mapema. Wengi watakubali kupunguza sauti kwa saa mbili ukiwaomba kwa heshima. Ukiwafuata usiku wenyewe, wateja wamejaa, hawatakubali.

HATUA YA 3: WATAFUTE WATUNZI

Hapa tumia muda mwingi kuliko mahali pengine popote. Tangazo la ukutani litakuletea wale wanaojiamini, na wanaojiamini si lazima wawe ndio wanaotunga vizuri. Inabidi utembee.

Uliza maswali ya mzunguko. Ukiuliza "Nani mshairi hapa?" utajibiwa hakuna. Uliza: Nani alitunga ule wimbo wa kumuaga mchungaji? Nani huandika ngonjera za mahafali? Nani alikuwa akituma mashairi redioni zamani? Nani, harusi ikifika, huitwa aseme neno na watu wakanyamaza? Majibu yake ni orodha yako.

Pita sehemu hizi: shule za sekondari, hasa kwa walimu wa Kiswahili, makanisa, hususan kwaya za Moravian, maana misheni yao ni ya siku nyingi Sikonge, misikiti na madrasa, ambako utenzi na kaswida vimefunza masikio ya vizazi, vyama vya msingi vya wakulima na vikundi vya wafugaji nyuki, na manju wa ngoma. Huyu wa mwisho usimsahau. Manju anatunga, anakariri, anatawala hadhira, ingawa hajawahi kujiita mshairi na huenda anatunga kwa Kinyamwezi au Kisukuma. Mkaribishe na lugha yake. Mwombe tu mtu mmoja aeleze kwa Kiswahili, kwa sentensi mbili kabla hajaanza, shairi linahusu nini. Asitafsiri mstari kwa mstari.

Ukimfikia mzee, usimwombe mlangoni. Kaa, uliza hali, sikiliza beti mbili tatu, ndipo useme shida yako. "Mzee wangu, tumekuja kuomba utuanzie" ni ombi ambalo mtu mzima analikubali. "Tunakupa dakika tano" ni neno la kumwambia siku nyingine, mkishazoeana, na lazima uliseme.

Watunzi 8 wanatosha. Ukipata 14, fanya jioni mbili. Katika hao 8, hakikisha kuna wanawake wasiopungua 3. Usipowafuata nyumbani hawatajitokeza, si kwa kukosa mashairi bali kwa sababu jioni ndio wakati wa kuni, maji na chakula cha watoto. Panga zamu zao mapema katika ratiba, au waje na watoto, na awepo mtu wa kuwashika.

*KISANDUKU: "KAZI YAKO MWENYEWE" MAANA YAKE NINI?*

Mweleze kila mtunzi waziwazi, kwa wema:

– Shairi uwe umelitunga wewe. La kwenye kitabu cha shule, hata ulilikariri vizuri namna gani, lisubiri siku nyingine. Wanafunzi huja na mashairi ya *Wasakatonge* au *Malenga Wapya* kwa nia njema kabisa, kwa kuwa hayo ndiyo waliyofundishwa.
– Lililonakiliwa kwenye simu kutoka kwa mtu mwingine, ukabadilisha majina, si lako.
– Ukijibu shairi la mwenzako kwa bahari yake na vina vyake, hilo ni lako. Malumbano ni desturi ya zamani. Mtaje tu unayemjibu.
– Wimbo wa ngoma ulioukuta kwa wazee ni wa wazee. Useme hivyo kabla ya kuuimba.

Kuhakiki, muulize mtunzi maswali mawili: Ubeti upi ulikusumbua? Ni neno gani ulilifuta? Aliyetunga hujibu papo hapo, mara nyingi kwa kirefu.

HATUA YA 4: ZOEZI LA KUGHANI

Niliwahi kuhudhuria jioni ya mashairi ambapo watunzi walikuwa hodari na hakuna aliyesikia kitu. Walisoma kama wanasoma matokeo ya uchaguzi, macho kwenye karatasi, haraka, wakiomba samahani kila baada ya ubeti. Walioandaa walishughulikia viti, maji na mgeni rasmi, zoezi hawakulifikiria. Tangu siku hiyo nashikilia kwamba bila zoezi hakuna usiku. Wakutanishe watunzi mara mbili, siku kumi kabla na siku tatu kabla.

Kughani kupo kati ya kusema na kuimba. Kila mtu ana mahadhi yake, na usimlazimishe mtu mahadhi ya mwingine. Ila mambo haya manne yanamhusu kila mmoja.

1. *Silabi ya mwisho.* Mkazo wa Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Kina kinakaa kwenye ya mwisho. Msomaji mwenye haraka hupanda kwenye mkazo kisha huiacha ya mwisho ianguke, na kina chote kinapotea. Mfundishe kuivuta kidogo silabi ya mwisho, kati na ukingoni.

2. *Pumzi.* Pumzi ndogo mwishoni mwa ukwapi, pumzi kubwa mwishoni mwa mshororo, kimya kamili baada ya ubeti. Kimya hicho kinamtisha mgeni wa jukwaa. Anaona kama amesahau. Mhesabie kimoyomoyo, moja, mbili, tatu. Hadhira inahitaji muda huo kuipokea picha.

3. *Kibwagizo ni cha watu.* Kifundishe kabla ya kuanza. Mtunzi aseme mara mbili, watu wapokee mara mbili, ndipo aingie ubeti wa kwanza.

Chukua ubeti huu, nimeutunga kwa ajili ya zoezi, mshororo una mizani 16, vina ni -ni na -ma:

Mzinga ulo mtini, nyuki wamekwisha hama,
Moto ulipita chini, ukala hata mtama,
Mrina yupo njiani, na ndoo yake ya chuma,
Semeni, nani jamani, atamwambia mapema?

Mwambie mtunzi asome mishororo mitatu peke yake, halafu ainue mkono; mshororo wa nne usemwe na wote. Ukisikia watu hamsini wanauliza "nani jamani, atamwambia mapema?" utaelewa kwa nini kibwagizo kiliwekwa.

4. *Karatasi.* Shairi liandikwe upya kwa herufi kubwa, upande mmoja wa karatasi, beti nne kwa ukurasa. Lisisomwe kwenye simu. Mwanga wa simu humfanya msomaji ainamie kifua, sauti ikashuka, na simu ikiita katikati ya ubeti wa sita hakuna namna ya kurudi. Anayeweza kukariri akariri, lakini karatasi awe nayo mfukoni.

Kwa wale wanaotunga mashairi huru, zoezi ni tofauti kidogo. Hawana kina cha kuwashika mkono, kwa hiyo vituo vyao ndivyo mizani yao. Waweke alama ya mkwaju kila panapohitaji kimya. Na tafadhali, usiruhusu ubishi wa "hili si shairi" jukwaani. Ubishi huo una umri wa tangu *Kichomi*, diwani ya mashairi huru ya Kezilahabi, mwaka 1974, haujaisha, na hautaishia Sikonge usiku mmoja. Waghani wote, wa guni na wa arudhi, watu wasikie wachague.

Wanafunzi wapeni ngonjera kama wanaogopa kusimama peke yao. Wawili wanaobishana kwa beti, mmoja akitetea mzinga wa gome na mwingine mzinga wa kisasa, watashika hadhira kuliko mtu mzima yeyote. Waitunge wao wenyewe; mwalimu awasahihishe mizani tu.

*Kupima muda.* Mshororo wa mizani 16 ukighaniwa bila haraka huchukua sekunde 6 hadi 8. Shairi la beti 8, mishororo minne kila ubeti, ni mishororo 32: kama dakika 4 pamoja na vimya. Beti 12 ni karibu dakika 6. Mwenye utenzi wa beti 60 achague sehemu moja. Mpimeni kila mtu kwa saa kwenye zoezi, ili siku yenyewe asikatizwe mtu.

HATUA YA 5: VIBALI

Nenda kwa mtendaji wa kijiji au kata wiki nne kabla, na barua fupi: shughuli gani, wapi, saa ngapi hadi saa ngapi, watu wangapi, nani anawajibika. Mwulize waziwazi kama barua inatakiwa ifike pia kwa afisa utamaduni wa wilaya na polisi, kisha ifikishe. Weka nakala yenye muhuri mfukoni usiku huo. Kama watakuja wanafunzi, mkuu wa shule aandike ruhusa na mwalimu aje nao na kuondoka nao.

Kuhusu maudhui: mshairi ana haki ya kusema ukweli mchungu, na tumerithi mafumbo kwa kazi hiyo. Lakini shairi la kumtaja jirani kwa jina kwamba ni mchawi au mwizi, hilo likatae. Na kama ni mwaka wa uchaguzi, tangaza mapema kwamba hakuna shairi la kumpigia mtu kampeni, kisha ulisimamie hilo kwa pande zote.

HATUA YA 6: VIFAA NA CHAKULA

Fedha nyingi hazihitajiki, omba vitu. Mikeka kutoka misikitini na majumbani, mabenchi kutoka kanisani au shuleni, spika moja kutoka kwa mwenye duka. Taa ya sola inatosha kumwangaza msomaji, na iwekwe ubavuni mwake ili isimchome macho.

Jenereta, kama ni lazima, ikae mbali, nyuma ya jengo, upande upepo unakoelekea. Waya mrefu ni bei ndogo kuliko usiku mzima wa kelele. Kipaza sauti kiwe kimoja, na kijaribiwe kabla watu hawajafika. Msomaji akae nacho umbali wa ngumi moja kutoka mdomoni.

Chakula kisiwe kikubwa. Chai ya tangawizi, matobolwa na karanga, wakati wa mapumziko tu. Asiyekuwa na kitu mkononi husikiliza vizuri.

*TANGAZO LA KUSOMWA MISIKITINI, MAKANISANI NA KWENYE MIKUTANO*

"Mnakaribishwa kusikiliza mashairi yaliyotungwa na watu wetu wenyewe wa Sikonge. Ni siku ya ____, tarehe ____, kuanzia saa 11 kamili jioni hadi saa 2 na nusu usiku, mahali ____. Hakuna kiingilio. Njoo na shuka na tochi. Watoto waje na wazazi."

HATUA YA 7: RATIBA

Mfano wa ratiba kwa watunzi 8:

Saa 11:00 – Watu wanakaa. Mshereheshaji anafundisha vibwagizo viwili.
Saa 11:20 – Mzee anafungua kwa shairi lake.
Saa 11:30 – Watunzi watatu, mmoja mmoja, wanawake wenye kazi za nyumbani kwanza.
Saa 12:15 – Ngonjera ya wanafunzi.
Saa 12:30 – Mapumziko: sala, chai, matobolwa.
Saa 1:15 – Manju na kundi lake dogo.
Saa 1:30 – Watunzi wawili waliobaki.
Saa 1:55 – Uwanja wazi: yeyote, beti 4 tu.
Saa 2:15 – Mgeni, neno la dakika 3. Shukrani.
Saa 2:30 – Watu wanaondoka.

Mgeni wa heshima yuko mwisho, na ana dakika 3. Najua ni kinyume cha mazoea. Ukimweka mwanzo, watu watamsubiri. Akichelewa saa nzima, shairi la kwanza litasomwa gizani kwa watu waliochoka. Mfuate siku mbili kabla, mweleze kwamba mnamwomba awe msikilizaji mkuu, akae mbele, na mwisho atoe neno. Viongozi wengi hufurahi kuondolewa mzigo wa hotuba.

Mshereheshaji mchague kwa unyamavu wake. Kazi yake ni jina la mtunzi, kijiji anakotoka, kichwa cha shairi, basi. Asieleze shairi kabla ya mtunzi, asilirudie baada yake, na muziki wa spika usipigwe kati ya shairi na shairi.

Kutunza ni desturi yetu, na mtunzi anastahili. Tatizo ni mtu kuinuka katikati ya ubeti na noti mkononi, wengine wakashangilia, mtunzi akapoteza mahadhi. Weka kapu mbele, lenye jina la kila anayeghani kwa zamu yake, na tangaza mapema: tunza baada ya ubeti wa mwisho. Kilichomo ni cha mtunzi, chote. Waandaaji wasikiguse.

MAKOSA YANAYORUDIWARUDIWA

– Kugeuza jioni kuwa mashindano. Zawadi moja huacha watu saba wenye kinyongo, na mwaka ujao hawaji. Mashindano yafanyeni shuleni.
– Kuwapa watunzi mada. "Tungeni kuhusu maendeleo" huleta mashairi manane yanayofanana. Waache walete walichonacho: msiba, mapenzi, deni la pembejeo, ng'ombe aliyepotea.
– Kurekodi bila idhini. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi tangu anapotunga, bila kujisajili popote, na haki hiyo inadumu maisha yake na miaka 50 baada ya kufa. Mwulize kila mmoja kabla: picha sawa? sauti sawa? kusambaza kwenye WhatsApp sawa? Andika jibu lake. Akisema hapana, waombe watu washushe simu.
– Kumcheka anayekwama. Wafundishe wasaidizi wako: mtu akisahau, wao ndio wa kwanza kuimba kibwagizo. Hadhira itafuata, naye atapata pumzi ya kurudi.
– Kungoja watu wajae. Anza saa uliyotangaza hata kama wamefika ishirini. Waliowahi ndio waliokuheshimu.

ORODHA YA SIKU YENYEWE

□ Barua yenye muhuri ipo mfukoni
□ Mstari wa mwisho wa mikeka umewekwa alama
□ Mwenye baa na mwenye mashine wamekumbushwa asubuhi
□ Karatasi za watunzi, nakala mbili mbili
□ Taa imechajiwa, ipo na ya akiba
□ Kipaza sauti kimejaribiwa na kusikika nyuma
□ Viti vya wazee mbele
□ Maji ya kunywa kwa anayeghani
□ Kapu la kutunza
□ Mtu wa kupima muda, mwenye tochi ya kumulika chini dakika moja kabla
□ Bodaboda wawili wa kuaminika kwa waliotoka mbali
□ Orodha ya idhini za kurekodi

Kama umeme utakatika, usisimamishe shughuli. Wasogeze watu mbele, wakae karibu karibu, na mtunzi aendelee bila kipaza sauti. Ukipima mahali vizuri kwenye hatua ya 2, hutapoteza kitu.

HATUA YA 8: JUMA LINALOFUATA

Usiku uleule, kabla watu hawajatawanyika, chukua nakala ya pili ya kila shairi. Nunua daftari gumu la kurasa nyingi, yanakiliwe humo kwa mkono, jina la mtunzi, kijiji na tarehe juu ya kila shairi. Fanya madaftari mawili: moja libaki maktaba ya shule, moja kwa mtu mnayemwamini. Kila mtunzi asaini chini ya shairi lake kwamba ameridhia likae hapo.

Watabaki wale wasioandika. Manju ana shairi lake kichwani, na pengine bibi mmoja aliyesimama kwenye uwanja wazi akasema beti nne bila karatasi hana nakala ya kukupa. Mwombe mwalimu akupe mwanafunzi mmoja mwenye mwandiko mzuri, mwende naye nyumbani kwa bibi, alasiri, kazi zikiwa zimepungua. Bibi aghani polepole, mwanafunzi aandike. Kisha amsomee kwa sauti. Bibi akisema "hapo sivyo," afute, aandike upya, amsomee tena.